Mota Isiyo na Brashi kwa Ajili ya Mama Mkwe

Bartholomeo Kalinga,
Mstari A, Nyumba ya Mwisho,
Kijiji cha Ujamaa Lamboni,
karibu na Kalenga, Iringa.
4 Novemba, 1975.

Meneja,
Shirika la Vifaa Vidogo vya Umeme,
Tawi la Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA MOTA MOJA ISIYO NA BRASHI, KWA MELI NDOGO INAYOONGOZWA KWA REDIO, KWA MATUMIZI YA UKWENI

Natanguliza salamu mbele ya malalamiko yangu, kwa sababu mtu aliyelelewa hapigi hodi kwa teke. Elimu yangu ya darasani iliishia darasa la nne. Iliyobaki nimejisomea mwenyewe kwa njia ya posta, na cheti cha Uandishi wa Barua za Kikazi kimetundikwa ukutani juu ya kitanda. Nakueleza haya ili usidhani kwamba barua hii imeandikwa kwa papara.

Mwaka 1972 nilikuwa msaidizi wa stoo katika kambi ya watengeneza barabara kuu pale Igawa. Kambi ilipovunjwa, mhandisi mmoja mgeni alinikabidhi meli yake ya kuchezea, yenye urefu wa mkono wangu kutoka begani hadi kwenye vidole, pamoja na kisanduku chenye antena ndefu na vijiti viwili. Kijiti cha kwanza ni cha kuendesha na kusimamisha, cha pili ni cha kupinda kulia na kushoto. Unasimama ukingoni na kisanduku mkononi, na meli inakutii huko majini bila kamba wala waya. Mhandisi alisema ni ya kujiburudisha. Ndugu Meneja, kwangu meli hiyo haijamburudisha mtu. Iko kazini.

Kazi yenyewe ni hii. Mwaka jana tulipohamia kijijini, ndugu wapima viwanja walinyoosha kamba yao vizuri sana, wakatupanga kwa mistari, ila hawakumuuliza mtu nani ni mkwe wa nani. Matokeo yake mimi nilipata nyumba ya mwisho ya Mstari A, na mzazi wa kike wa mke wangu akapata nyumba ya kwanza ya Mstari B. Kati yetu kuna lambo la kunyweshea ng'ombe, upana wake hatua sitini. Mlango unatazama mlango.

Endapo wewe si mwenyeji wa Iringa, nakufahamisha kwamba kwa desturi yetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapiti njia moja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na hata jina lake kalamu yangu hairuhusiwi kuliandika. Wakikutana ghafla, mmoja hujitupa majanini. Mimi mwaka huu nimejitupa majanini mara ishirini na tatu, na mara mbili hayakuwa majani, yalikuwa miiba.

Mke wangu, Evarista, ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. Mama yake ni mjane, na anataka kuwa karibu na binti yake hadi siku ya kujifungua, jambo ambalo hata mimi nalitaka. Chakula chake hupikwa kwetu, na dawa za Evarista huchemshwa kwake. Kulizunguka lambo ni mwendo mrefu wenye utelezi, na Evarista sasa anatembea kama mtu aliyebeba mtungi kwa mbele. Mimi kupeleka sahani siwezi, kwa sababu nilizokwisha kuzitaja. Ndiyo maana meli inapeleka.

Halmashauri ya Kijiji haijapendezwa. Mwenyekiti wetu, Ndugu Liberatus, amependekeza kwamba ili kumaliza usumbufu, mama mkwe ahamishiwe Mstari D, maili mbili kutoka kwetu, ambako kuna nyumba tupu. Nilipomweleza mbele ya kikao kwamba meli inatosha kuleta amani, alisema, "Kalinga, wewe na kisanduku chako. Mkwe hatunzwi kwa meli. Trekta ipo, Jumatatu tunambeba na kitanda chake." Watu walicheka. Kwa kuomba sana nimepewa hadi Jumamosi tarehe 29 Novemba: siku hiyo Halmashauri yote itasimama ukingoni kushuhudia bakuli moja la uji likivuka lambo bila kumwagika. Likifika, mama anabaki. Lisipofika, anahama, na Evarista atajifungua bila mama yake. Kila kitu, Ndugu Meneja, kimesimama juu ya mota.

Sasa malalamiko yangu, kwa hesabu:

1. Kwamba mota za kawaida zinauzwa zikiwa na brashi. Ndani ya mota hizo mna vipande viwili vya kaboni ambavyo mafundi huviita brashi, navyo kazi yake ni kuusugua mhimili unapozunguka ili umeme upite. Kitu kinachosugua mchana kutwa huisha; hilo lingeweza kutambuliwa na mtu yeyote aliyewahi kumiliki kandambili. Mota ya asili ya meli yangu ilisugua mpaka ikatoa cheche, na cheche hizo zina kelele ambayo sikio halisikii lakini redio inasikia. Kila nilipopeleka chakula cha mchana, redio ya Mwenyekiti ilikoroma tangu mwanzo wa taarifa ya habari hadi mwisho. Anasema kwa miezi minne hajui lolote lililotokea duniani, na kwamba hali hiyo ni sawa na hujuma. Zaidi ya hayo, meli yenyewe ilisikia cheche zake, ikazidhani ni amri yangu, ikapinda kushoto na kupeleka maharage ya mama mkwe kwa ng'ombe.

2. Kwamba mtu anayenunua mota haambiwi inaweza kufanya nini. Brashi zilipokwisha nilifunga mota ya kinanda cha santuri, kwa kuwa ilikuwa na mzunguko wa utulivu na adabu. Ilikuwa na adabu kupita kiasi. Ilizoea kuzungusha sahani ya santuri, si kusukuma sahani ya ugali. Meli ilichukua muda wa rozari nzima kufika ng'ambo, na Evarista anasema mama yake alipokea uji ukiwa na ngozi juu kama ngoma.

3. Kwamba nilipojirekebisha, nilijirekebisha mno. Nilifunga mota ya feni kutoka kwenye Landrova iliyokufa, nikiamini kwamba kasi ndiyo nguvu. Nimejifunza kwa aibu kwamba kasi si nguvu: pangaboi lililo nyuma ya meli likizungushwa kwa kasi mno hutafuna mapovu badala ya maji, kisha ghafla likiyapata maji, meli huruka. Iliruka. Mama mkwe alikuwa ukingoni anafua. Maji yote yaliyoruka yalimpata yeye, na mchicha uliokuwa melini pia. Kummwagia maji mzazi wa mke wako, hata kwa njia ya redio, ni kosa, na wazee wa ukoo walijadili tangu asubuhi kama kosa ni langu au la meli. Waliamua kwamba meli haina kuku, mimi ninaye. Nilitoa kuku na jembe.

4. Kwamba nilisafiri kwa basi hadi Mbeya kuomba ushauri dukani kwenu, na sikupewa. Nilimweleza karani wenu uzito wa meli, upana wa pangaboi, idadi ya betri za tochi, na kiasi cha ugali. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mzee, mota ni mota." Nina umri wa miaka thelathini na minne. Hata hivyo silalamikii hilo la uzee. Nalalamikia hilo la mota. Mtu anayechagua mke haambiwi kwamba mke ni mke. Meli nzito yenye pangaboi pana inataka mota ya mzunguko wa wastani yenye msuli. Meli nyepesi yenye pangaboi dogo inaweza kustahimili ile ya haraka. Ukikosea, mota hupata joto kama jiwe la mafiga, betri hufa, na ukweni hakukaliki.

5. Kwamba mota isiyo na brashi ipo, inafanya kazi, na mafundi wanatuficha. Nilipotoka dukani kwenu nilipita mtaa wa Soweto kwa fundi redio mmoja, Andendekisye. Alinionyesha dainamo ya baiskeli. Akaifungua, na kwa macho yangu nikaona kwamba ndani yake sumaku ndiyo inayozunguka na waya umetulia. Hakuna kaboni, hakuna kinachosugua, hakuna cheche. Nilimwomba aifunge kwenye meli yangu. Alikataa huku akicheka. "Kaka," alisema, "haina brashi, sawa. Lakini kwa betri za tochi haizunguki hata ukiiombea misa. Inataka umeme unaokwenda na kurudi. Funga hiyo na utakuwa na nanga nzuri sana." Nilimjibu kwa upole kwamba mtu asiye na mama mkwe ng'ambo ya maji hawezi kujua mota huzunguka kwa sababu gani. Nikaichukua, nikaja kuifunga mwenyewe.

Siku ya kwanza, nakiri, meli haikusogea. Nilisimama juani na antena hadi kivuli kikahama. Kesho yake, Jumatatu tarehe 29 Septemba, nilinyanyua antena, nikasukuma kijiti, na meli ikaondoka. Ilikwenda moja kwa moja hadi ng'ambo, ikasimama. Baada ya chakula kuliwa ikarudi na sahani iliyooshwa. Naomba sifa zifuatazo, ambazo niliziandika kwenye daftari siku hadi siku, zifikishwe kwa wataalamu wenu:

(a) Haina sauti kabisa. Mwenyekiti amesikia taarifa ya habari yote, na bado hajafurahi, ila sasa ni kwa sababu ya habari zenyewe.

(b) Haipati joto. Baada ya safari niliigusa, ilikuwa baridi kama mtungi.

(c) Haili betri. Betri zilezile zimetumika wiki zote. Tena tarehe 8 Oktoba niligundua baada ya safari kwamba nilisahau kuzitia. Meli ilikwenda ikarudi bila betri hata moja. Nimetafakari sana jambo hili, na nimefikia uamuzi kwamba mota isiyo na brashi, ikishazoea njia, hutumia mazoea.

(d) Ina utii wa ajabu. Nikinyanyua antena tu, kabla sijagusa kijiti, inaondoka.

(e) Inatambua haja. Siku chakula kikichelewa, inakwenda kwa kasi zaidi. Hili sijalisoma katika kitabu chochote.

6. Kwamba mota hiyo sasa inadhoofika, na vipuri havipatikani. Kuanzia tarehe 13 hadi 19 Oktoba iligoma kabisa. Kwa bahati njema wiki hiyo mama mkwe alikuwa msibani Ilula, kwa hiyo hapakuwa na chakula cha kupeleka. Lakini mimi niliijaribu kila siku asubuhi na jioni, nikaifungua, nikaipaka mafuta ya nazi, bila mafanikio. Tarehe 20 ilipona yenyewe. Ila tangu hapo si ile niliyoijua. Inakwenda kwa mapigo, inasimama katikati ya lambo mara mbili tatu kana kwamba inavuta pumzi, kisha inaendelea. Evarista anasema mama yake amerudi kutoka Ilula na maumivu ya bega. Nilimwambia ampe pole, na kwamba hata meli imerudi na udhaifu wake. Kila mmoja ana lake.

Kwa meli inayopumzika katikati ya maji siwezi kuikabili Halmashauri tarehe 29.

Kutokana na hoja hizo, naomba Shirika liniagizie mota moja mpya isiyo na brashi, ya mzunguko wa wastani, isiyozidi uzito wa mayai mawili ya kuku, yenye uwezo wa kuzungusha pangaboi la upana wa vidole vitatu, na kwa ajili ya bakuli la uji lililojaa. Endapo mtaona mota moja ni usumbufu kwa kuagiza, nawashauri mwagize nyingi. Katika mistari minne ya kijiji hiki peke yake nimehesabu wakwe kumi na saba waliopangwa vibaya. Kule Igawa kuna rafiki yangu Bujiku Shija, mfugaji aliyehamia bonde la Usangu na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Yeye ana wake wanne, kwa hiyo ana mama wakwe wanne, na mto mmoja. Aliniambia wakati ule nikiwa stoo kwamba meli ya namna hii angeipa ng'ombe dume. Shirika linaweza kuwa na Afisa Mota za Ukweni katika kila wilaya. Na pale ambapo hakuna lambo, lambo lichimbwe. Maana nimeona hata maofisini wapo watu wasiotazamana usoni kwa miaka mingi, wakipeana mafaili kwa mkono wa tarishi aliyechoka. Karai la maji kati ya meza mbili na meli moja ya heshima vingeharakisha kazi nyingi.

Endapo mota haipatikani, basi naomba barua yenye mhuri ithibitishe kwamba haipo popote duniani, ili Halmashauri ijue kuwa kosa ni la dunia, si la mtu wa Mstari A.

Msalimie karani wenu wa kaunta, na umwambie sina kinyongo ila nina kumbukumbu. Msalimie mlinzi wa getini aliyenitaka nifungue kifurushi changu cha meli na kisha akakaa na mimi kwenye benchi akinieleza habari za mama mkwe wake wa Tukuyu hadi basi likakaribia kuniacha. Wasalimie mpiga taipu, mfagiaji, na familia zao zote, wakiwemo wakwe, kwa umbali unaofaa.

Wako katika ujenzi wa Taifa na utunzaji wa adabu,

Bartholomeo Kalinga.

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji, Lamboni.
Fundi Andendekisye, Soweto, Mbeya (ajionee).
Mama Mkwe (kwa njia ya maji, hali ya mota ikiruhusu).

Tanbihi, 6 Novemba:

Ndugu Meneja, bahasha nilikwisha kuibandika kwa uji, na nimeifungua kwa mvuke wa sufuria. Sababu ni kwamba jana nilimsomea Evarista barua hii ili asikie ilivyojengwa. Alitulia hadi hoja ya tano. Kwenye sifa (c) alianza kucheka, na nilipofika kwenye (e) ilibidi nimshike asije akaanguka na mtoto wangu tumboni. Alipopata pumzi alinipeleka ukingoni, akaniambia niingize mguu majini pale penye kisiki kilichozama. Mguu wangu ulikuta mshipi.

Ni mshipi wa kuvulia wa marehemu baba mkwe. Umefungwa chini ya meli, umezungushwa kwenye kisiki cha upande wangu, na ncha zake zote mbili zinaishia nyuma ya ua wa matete wa mama yake. Akivuta ncha moja, meli inakwenda kwake. Akivuta ya pili, inarudi kwangu. Evarista ndiye aliyeupitisha kwenye kisiki usiku ule baada ya siku yangu ya kwanza ya kusimama juani. Anasema mama yake alimwita na kumwambia, "Kijana wa watu amesimama tangu asubuhi na fimbo yake ya bati, Halmashauri yote inapita inamtazama. Nani atamwacha aaibike?" Nilimuuliza kama desturi haikuvunjwa kwa kunitazama. Alisema mama hajanitazama hata mara moja. Alitazama antena tu.

Kwa hiyo hoja zangu, ya kwanza hadi ya sita, naziondoa, isipokuwa kuku na jembe, ambavyo vilikwisha kuliwa na kulimiwa. Fundi Andendekisye alikuwa sahihi kuhusu dainamo; naomba asiambiwe, na majina yote matatu yafutwe kwenye nakala. Barua sikuiandika upya kwa kuwa karatasi ndefu zimekwisha, na pia kwa kuwa imejengwa vizuri.

Badala ya mota, naomba yadi mia moja na hamsini za mshipi wa nailoni, ule usiokata vidole, na chupa moja ya dawa ya kuchua bega. Najua si vifaa vya umeme. Nanyi mjibu kwa kuandika "mota", tafadhali, maana barua za kijiji husomwa kwa sauti mbele ya Halmashauri, na tarehe 29 iko pale pale.

Mama mkwe hajui kwamba ninajua, wala hataambiwa. Mimi nitaendelea kunyanyua antena. Leo asubuhi nilisimama ukingoni na kisanduku, nikawa nawaza habari za bega lile, nikachelewa kuinyanyua. Nikasikia kikohozi kimoja nyuma ya matete. Nikainyanyua, na uji ukaondoka.